Wenzako Wameitwa, Wewe Hukuitwa: Uzungumze Nao, Uende Kitengo cha Migogoro ya Kazi, Uende Mahkama, au Udai Chako Uondoke?

Masika yakikatika, simu yangu huanza kulia. Leo kijana wa Jambiani, kesho mama wa Kiwengwa, keshokutwa mtu wa Nungwi aliyesimama jikoni misimu mitano. Maneno ni yale yale: "Wenzangu wameitwa, mimi sikuitwa." Aprili hoteli ilifunga, wakaambiwa nendeni mkapumzike, mvua zikisha tutawapigia. Juni wageni wamejaa, sare zinaonekana barabarani, na yeye bado ameshika simu mkononi, anaogopa hata kwenda kuoga asije akapigiwa.

Baada ya hapo huja maswali. Niende nikawaombe? Nikashitaki? Nitafute wakili? Au niachane nao, nichukue changu niende zangu?

Mimi ni msaidizi wa sheria katika shehia yetu hapa Zanzibar, na kabla ya hapo nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Mwaka ule nilifika getini asubuhi ya mwanzo wa Juni, sare nimeshaipiga pasi. Mlinzi alikuwa jirani yangu. Alikuwa na karatasi ya majina imebanwa kwenye kibao. Akapitisha biro juu ya majina, akarudia mara ya pili polepole zaidi, kisha akaniambia bila kuniangalia usoni, "Dada, jina halimo." Nimezipita njia mbili kati ya nne nitakazozieleza hapa, na nyingine mbili nimewasindikiza wenzangu.

Kabla ya yote: kazi yako iliishaje?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami naomba usome sehemu hii taratibu hata kama una haraka. Mtu anachagua njia kabla hajajua ana kesi gani.

Kwa kawaida mwajiri hana wajibu wa kumwajiri tena mtu ambaye ajira yake imekwisha kihalali. Ni gumu kulisikia, lakini bora ulisikie leo kuliko baada ya miezi sita ya nauli. Ila maneno "amekataa kunirudisha" yana mambo mengi ndani yake, na baadhi yake sheria inayatazama kwa jicho jengine kabisa.

Kuna aliyepelekwa likizo ya masika. Hakupewa barua ya kuachishwa, hakulipwa mafao ya mwisho, sare bado iko kabatini kwake, mkataba wake hauna tarehe ya kumalizika au tarehe hiyo bado haijafika. Huyu hakuondoka kazini hata siku moja. Akifika getini akaambiwa jina halimo, hajanyimwa ajira mpya, ameachishwa kazi. Na kumwachisha mtu kazi kunataka sababu ya haki na utaratibu, siyo kupunguza jina kwenye orodha. Katika kesi zote ninazoletewa, hii ndiyo yenye mguu imara kuliko nyengine, na wenye kesi hii mara nyingi hawajui kama wanayo. Wanakuja kwangu wakisema "naomba nirudishwe" wakati walitakiwa waseme "nimefukuzwa bila sababu."

Kuna wa mkataba wa muda maalumu, tuseme miezi minane, Julai mpaka mwisho wa Februari. Umekwisha kwa tarehe yake. Mwajiri akikaa kimya, kisheria yuko pazuri zaidi. Lakini kama mkataba ule umefuatana mwaka baada ya mwaka, kazi ile ile, na msimamizi wako amekutumia ujumbe "tutaonana Julai inshallah", na rosta imetoka na jina lako, basi una hoja kwamba ulikuwa na matarajio ya haki ya kuendelea. Hoja hii haisimami kwa machozi. Inasimama kwa mikataba ile ya nyuma na ujumbe ule.

Kuna aliyepunguzwa kwa sababu ya biashara, kama wengi walivyopunguzwa mwaka 2020 hoteli zilipobaki tupu kwa Korona. Baadaye hoteli imechangamka na nafasi ile ile anapewa mtu mpya. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Nam. 166 la mwaka 1982, linasema wafanyakazi waliopunguzwa kwa sababu za kiuchumi wapewe kipaumbele mwajiri anapoajiri tena kwa kazi za sifa kama zao, ikiwa wao wenyewe wameeleza ndani ya muda uliowekwa kuwa wanataka kurudi. Pendekezo halimfungi mwajiri kama sheria. Lakini angalia sharti lake: *wameeleza*. Uliyepunguzwa ukakaa kimya, hata hoja ya uungwana umeipoteza. Na kama barua yako ya kupunguzwa imeandika kwamba utaitwa nafasi zikirudi, hiyo ni ahadi yenye saini, ishike vizuri.

Aliyeacha mwenyewe kwa barua yake, kisha akajuta, hana la kudai zaidi ya kuomba kama mwombaji mwengine yeyote. Na aliyefukuzwa kwa tuhuma ya wizi, akashinda kesi ya jinai mahkamani, asidhani hukumu ile inamrudisha kazini moja kwa moja. Nidhamu ya kazini na jinai ni mambo mawili, kila moja lina kipimo chake cha ushahidi.

Juu ya hali zote hizi kuna swali moja la kujiuliza: *kwa nini mimi?* Kama wenzako kumi wameitwa na wewe umeachwa kwa kuwa ulikuwa mjamzito, au ulikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au kwa dini yako, mezani kumewekwa jambo jengine. Tanzania iliridhia Mkataba Nam. 111 wa Shirika la Kazi Duniani dhidi ya ubaguzi katika ajira mwaka 2002, na Mkataba Nam. 98 unaomlinda mfanyakazi asiadhibiwe kwa kujiunga na chama umeridhiwa tangu 1962. Hapo hata aliyemaliza mkataba wake kwa tarehe anaweza kuwa na kesi.

Sheria ya kwetu, siyo ya ng'ambo ya bahari

Mambo ya kazi si ya Muungano. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayozungumzwa sana kwenye redio na mitandao, ni ya Bara. Wengi wanakuja kwangu na hesabu ya fidia ya mishahara ya miezi 12, au wamehesabu siku 30 za kufungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hayo yametoka kwenye sheria ya Bara na Tume ile haina meza huku. Sisi tuna Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Nam. 1 ya 2005, tuna Kamisheni ya Kazi yetu, na tuna kitengo chetu cha kushughulikia migogoro ya kazi. Ukienda na kifungu cha Bara mbele ya msuluhishi wa hapa utapoteza muda wako na utamrahisishia kazi mwanasheria wa mwajiri.

Mtumishi wa Serikali naye ana mlango wake. Anatazama Sheria ya Utumishi wa Umma Nam. 2 ya 2011, na mambo yake huanzia kwa mkuu wa taasisi yake na Tume ya Utumishi inayomhusu. Ninayoyasema hapa chini yanawahusu zaidi wa sekta binafsi.

Vipimo vya kupimia njia

Nitazipima njia zote nne kwa mambo haya. Inaweza kukupa nini: kazi, pesa, au karatasi safi ya kuombea kazi pengine? Inachukua muda gani na inakula kiasi gani, nauli na siku za kibarua zilizopotea zikiwemo? Inataka ushahidi gani? Inamlazimisha mwajiri, au inategemea moyo wake? Na mwisho, inakuachia uhusiano gani na watu wale. Kisiwa ni kidogo. Meneja wa leo kesho yuko hoteli ya pili, na mkuu wa jiko aliyekutetea au aliyekusaliti utasimama naye safu moja ya swala Ijumaa.

Njia ya kwanza: kuzungumza na kuandika barua

Hii ndiyo inayodharauliwa na ndiyo inayorudisha watu wengi zaidi kazini, kwa nilivyoona mimi. Sababu ni kwamba mara nyingi aliyeliacha jina lako si mwenye hoteli. Ni meneja mpya aliyekuja na watu wake, au karani aliyenakili orodha ya zamani. Mtu mmoja wa Paje nilimsaidia kuandika barua ya nusu ukurasa: jina, kazi, misimu aliyofanya, tarehe aliyoambiwa arudi na nani aliyemwambia, na ombi la kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku saba. Siku ya tano aliitwa. Namba yake ya simu ilikuwa imebadilika na hakuna aliyeijua mpya.

Inakupa kazi yenyewe, ikifanikiwa. Haigharimu zaidi ya karatasi na nauli. Ushahidi hauhitaji mwingi, lakini barua iwe ya maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa, kwa sababu kesho nakala hiyo hiyo ndiyo ushahidi wako wa kwanza Kitengoni. Wakikataa kusaini, itume pia kwa barua pepe au WhatsApp, mahali ambapo tarehe na saa zinabaki.

Udhaifu wake ni kwamba haimlazimishi mtu. Mwajiri anaweza kukuambia "subiri wiki ijayo" mpaka Agosti, nawe siku zako za kufungua shauri zinakwenda. Kwa hiyo jiwekee mwisho. Mimi huwaambia watu wiki mbili, haizidi.

Usiende peke yako kama kuna wa kwenda naye. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwambie kiongozi wa tawi akusindikize. Ndiyo kazi uliyokuwa ukimkatia ada. Vyama vyetu viko chini ya Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Zanzibar, ZATUC, na kiongozi anayejua mkataba wa pamoja kati ya chama na hoteli yenu, kama upo, ataona kifungu ambacho wewe hukukiona. Sheha naye anaweza kusaidia kufungua mlango, hasa hoteli ikiwa imekaa juu ya ardhi ya kijiji na iliahidi ajira kwa wenyeji. Lakini sheha hana mamlaka ya kuamua mgogoro wa kazi, na makubaliano ya barazani kwake usiyachukulie kama hukumu.

Inamfaa nani? Mwenye kutaka kazi ile ile, aliyeondoka bila ugomvi, na mwenye mashaka kwamba limetokea kosa la orodha tu. Haimfai aliyeambiwa wazi kwamba hatakiwi kwa sababu ya mimba au chama. Huyo kila siku anayoitumia kubembeleza inamkata.

Njia ya pili: Kamisheni ya Kazi na kitengo cha migogoro

Kitengo hiki wengi wanakiita DHU, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Dispute Handling Unit. Kiliwekwa na Sheria Nam. 1 ya 2005, na kazi yake inakwenda kwa hatua mbili. Kwanza usuluhishi: mnakaa wewe, mwajiri na msuluhishi, na msuluhishi hamwamui mtu, anawatafutia njia ya kukubaliana. Ikishindikana, linakuja la uamuzi: mwamuzi anasikiliza ushahidi wa pande zote mbili na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake.

Nilipita hapa. Kikao cha kwanza hoteli haikuja. Cha pili alikuja karani asiye na mamlaka ya kukubali chochote. Cha tatu akaja mwanasheria wao kutoka Mjini na faili, nami nilikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na mikataba minne, taarifa ya benki ya PBZ inayoonyesha mshahara ukiingia na kusimama kila masika na kuingia tena, taarifa ya michango yangu ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na picha ya ujumbe wa msimamizi wangu: "Mpumzike, tar 1 Juni wote kazini." Msuluhishi alizipanga karatasi zile juu ya meza moja baada ya moja, kwa tarehe. Nikaona mwanasheria anafunga faili lake. Hakukuwa na hotuba. Tulikubaliana siku ile ile.

Kazini sikurudi. Walinilipa na wakanipa barua ya utumishi yenye maneno mazuri. Nilikuwa nimekwenda pale nikitaka kitanda changu cha kutandika, chumba namba fulani, wenzangu wa zamu. Nikatoka na pesa. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu wengi wanaingia Kitengoni wakidhani kushinda ni kurudi. Kurudishwa kunaombwa na kunaweza kuamuliwa, hasa pale ulipoachishwa bila haki, lakini kwenye meza ya usuluhishi mwajiri huwa tayari zaidi kutoa pesa kuliko nafasi.

Kwa muda, usuluhishi unaweza kumalizika ndani ya wiki kadhaa kama mwajiri anakuja; uamuzi unachukua miezi. Kwa gharama, huhitaji wakili kuingia, ila nauli ya kutoka Kaskazini au Kusini kuja mjini mara tano si ndogo kwa mtu asiye na mshahara. Kwa ushahidi, karatasi ni kila kitu. Mashahidi wenzako watakuahidi usiku na asubuhi wasionekane, nao usiwalaumu, bado wana kazi za kulinda. Kwa nguvu, makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa mbele ya msuluhishi hayalingani na maneno ya mdomo. Yakivunjwa una kitu cha kupeleka kutekelezwa. Uhusiano huharibika kiasi. Hauvunjiki kabisa, kwa sababu mambo yalisemwa ndani ya chumba.

Mawili ya kuangalia kabla hujasaini. Moja, soma kama kuna mstari unaosema hutaomba tena kazi katika kampuni hiyo "na kampuni zinazohusiana nayo." Pwani yetu kampuni moja inaweza kuwa na hoteli nne kwa majina manne, na wewe unadhani umefungiwa mlango mmoja kumbe ni minne. Unaweza kuomba mstari ule utolewe, au ubaki kwa hoteli moja tu. La pili, hakikisha unamdai anayedaiwa. Hoteli huuzwa, jina la mbele likabaki lile lile na kampuni ya nyuma ikawa nyengine. Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, ndiko kampuni zinakosajiliwa. Angalia jina kwenye mkataba wako na jina lililosajiliwa leo kabla ya kujaza fomu.

Njia hii inamfaa aliyeachishwa kwa kisingizio cha likizo, mwenye mikataba iliyofuatana, na aliyebaguliwa. Inamfaa pia ambaye barua yake ya wiki mbili haikujibiwa.

Njia ya tatu: Mahkama ya Kazi

Hii ni divisheni ya Mahkama Kuu ya Zanzibar. Mlango wa kawaida ni kupitia Kitengo kwanza. Ukienda moja kwa moja, jitayarishe kuulizwa kwa nini hukupita kule. Wengi wanaofika hapa wamekuja kupinga tuzo ya mwamuzi au kuomba itekelezwe baada ya mwajiri kuikalia.

Inaweza kukupa amri yenye meno, na hilo ni kubwa. Mwajiri anayepuuza barua, akapuuza Kitengo, haipuuzi mahkama kirahisi. Ni njia inayostahiki pia pale ambapo swali lako ni la sheria na litawagusa wengi, kwa mfano kama mikataba ya msimu inayorudiwa kila mwaka ni ajira moja au ni ajira tofauti tofauti. Na asiyeridhika na uamuzi anaweza kuendelea mpaka Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo inasikiliza rufaa za pande zote mbili za Muungano.

Huo uwezekano wa rufaa ni wako na ni wa mwajiri pia. Nilimsindikiza mwenzangu wa jikoni katika njia hii. Alipoanza mtoto wake alikuwa chekechea. Shauri lilipokwisha mtoto alikuwa ameshajua kusoma. Alishinda. Hoteli ile ilikuwa imeshabadilisha jiko lote na nafasi yake haikuwepo tena, akalipwa.

Gharama ni wakili, isipokuwa upate msaada. Na msaada upo: tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria Nam. 13 ya 2018, tuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilichoanza 1992, kikiwa na ofisi Unguja na Pemba, na tuna sisi wasaidizi wa sheria kwenye shehia. Sisi hatusimami mahkamani badala ya wakili, lakini tunakupangia karatasi zako na kukuambia ukweli kuhusu kesi yako bila kukutoza. Ushahidi unaotakiwa ni ule ule wa Kitengoni, ila hapa pengo dogo linaonekana kubwa. Uhusiano, usahau. Mkishasimama mahkamani, hata ukirudishwa kwa amri, utakuwa unafanya kazi chini ya mtu aliyeshindwa na wewe, na si kila moyo unaweza hilo.

Inamfaa mwenye tuzo isiyolipwa, mwenye kesi nzito ya ubaguzi yenye ushahidi, na mwenye riziki nyengine ya kumshikilia wakati anasubiri. Kwa wa Pemba, ongeza hesabu ya boti na mahali pa kulala kama shauri litasikilizwa Unguja, na uliza mapema Chake Chake ni hatua zipi zinaweza kufanyika huko huko.

Njia ya nne: kudai chako na kuondoka

Watu huiona hii kama kushindwa. Mimi siioni hivyo. Hapa hupiganii kurudi. Unapigania kuondoka huku umekamilika. Unaandika barua ya kudai mshahara uliobaki, siku za likizo ambazo hukuzichukua, malipo ya notisi kama hukupewa, sehemu yako ya sevisi chaji, ile ada ya huduma, kama ilikatwa, michango ya ZSSF ambayo ilitolewa kwenye mshahara wako na haikufikishwa, na barua ya utumishi.

Barua ya utumishi ni ya kupigania. Meneja wa hoteli nyengine anapokuuliza "misimu minne ulikuwa wapi?", karatasi ile ndiyo inayojibu. Omba iandike kazi uliyoifanya na tarehe ya kuanza na kumaliza, isiandike sababu ya kuondoka kama sababu ina ubishi.

Ni njia ya haraka kuliko zote na gharama yake ni ndogo. Ushahidi ni hati za mshahara na taarifa ya ZSSF, ambayo unaweza kwenda kuiomba mwenyewe. Wasipolipa, dai hili nalo linapelekwa Kamisheni ya Kazi, na mara nyingi ni dai rahisi kuthibitisha kuliko la kurudishwa kwa sababu ni hesabu tu. Uhusiano hubaki mzuri kiasi kwamba nimeona watu walioondoka hivi wakaitwa baada ya mwaka, meneja mwengine alipoingia.

Hatari yake ni ile karatasi ya mwisho: "Nimepokea stahiki zangu zote na sina madai mengine yoyote." Ukisaini hiyo mbele ya keshia ili upewe bahasha, umejifungia milango ile mitatu mingine, na kuifungua tena ni kazi ngumu. Kama bado unafikiria Kitengo, andika kwa mkono juu ya saini yako kwamba umepokea kiasi fulani kwa ajili ya mshahara wa mwezi fulani tu. Wakikataa, omba siku moja ukaonyeshe mtu.

Kwa hali yako

Ulipelekwa likizo, huna barua ya kuachishwa, na jina halimo: andika barua leo, na wiki mbili zikipita bila jibu ingia Kitengoni. Dai lako ni la kuachishwa kazi bila haki, siyo la kuomba ajira.

Mkataba wako ulikwisha kwa tarehe na ulikuwa wa kwanza: zungumza nao kwa heshima, dai chako, chukua barua ya utumishi, tafuta pengine. Kitengo hakitakupa usichokuwa nacho.

Mkataba ulikwisha lakini ni wa nne au wa tano mfululizo, na una ujumbe wa kuitwa: anza na barua, nenda Kitengoni, na uingie ukijua kwamba pesa ndiyo itakayowekwa mezani kwanza. Amua nyumbani, kabla hujafika, kama utaipokea.

Ulipunguzwa na sasa wanaajiri: andika kwamba unataka kurudi, ambatisha nakala ya barua ya kupunguzwa, na tarehe iwe wazi.

Uliachwa kwa mimba, chama au dini: usikae barazani kubembeleza. Zungumza na msaidizi wa sheria au chama chako kwanza, kisha Kitengo, na mahkama ikilazimu.

Hoteli imeuzwa: BPRA kabla ya kila kitu.

Una mtoto mchanga, huna akiba na hoteli ya jirani inaajiri wiki hii: chukua kazi hiyo. Kupata kazi nyengine hakufuti dai lako la zamani. Kunaweza kuathiri kiasi cha fidia, lakini kuna mchele ndani.

Na kama umeambiwa leo getini, kabla hujalala chukua daftari uandike tarehe, saa, nani aliyekuambia na maneno aliyotumia kama yalivyo. Piga picha ujumbe wote wa simu kabla hujatolewa kwenye kundi la WhatsApp la zamu, maana huwa wanakutoa siku ile ile. Mimi walinitoa saa nne asubuhi, nikiwa bado kituoni nasubiri gari ya kurudi nyumbani.